HAKI YA MKE NA WATOTO KUPUMZIKA: IMAMU ALIFUATA NINI UFUKWENI MATEMA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Nimeulizwa swali na mzee wangu mmoja hapa Tunduma, mtu wa safu ya mbele, ninayemheshimu sana. Amesikia kwamba likizo ya Juni nilichukua familia yangu tukaenda bichi. Neno "bichi" lilimkera. Imamu na bichi wapi na wapi? Rangi ya msikiti imebanduka, na imamu anapeleka watoto kuchezea maji? Akasema watu wananong'ona. Nilimwomba ruhusa nimjibu hadharani bila kumtaja, maana swali lake wanalo wengi na wanaona haya kuliuliza. Akaridhia. Basi jibu lake ni hili, na ni lako pia wewe unayesoma. Nakuomba usome hadi mwisho, usiishie kwenye kichwa cha habari.

*MJI WETU WA WAPITAJI*

Kwa ambaye hajafika Tunduma, nikueleze kidogo. Huu ni mji wa mpakani, mkoa wa Songwe. Upande wa pili wa mpaka ni Nakonde, Zambia. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Lusaka, Ndola na Lubumbashi yanapita hapa. Reli ya TAZARA inapita hapa. Usiku ukilala unasikia breki za malori, na ukiamka unakuta foleni imefika mbali. Riziki za watu wa hapa zimefungwa kwenye foleni hiyo. Kuna madereva, matingo, mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, wauza mahindi, wenye nyumba za kulala wageni na mama lishe. Alhamdulillah, watu wanapata.

Lakini mji wa namna hii una ugonjwa wake, nao ni baba asiyeonekana. Anatoka kabla ya Alfajiri, anarudi watoto wamelala. Akiwa dereva, anaweza kukaa Kongo wiki tatu, akashusha, akapakia, akapitiliza hadi Dar. Watoto wanamjua baba kwa sauti ya simu na ujumbe wa pesa. Pesa ikiingia, ndiyo baba amekuja.

Mimi ni imamu, na sehemu kubwa ya kazi ya imamu ambayo watu hawaioni ni kusuluhisha ndoa. Nimekaa na mume na mke kwenye mkeka wa msikiti mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nikuambie jambo moja ndugu yangu. Wanawake wengi wanaokuja kwangu hawalalamiki njaa. Unga upo, kodi imelipwa, ada imelipwa. Wanasema maneno mawili tu: "Shekhe, simuoni." Mume naye anashangaa kwa dhati kabisa, anasema, "Shekhe, muulize, nimemnyima nini?" Wote wawili wanasema kweli, na ndoa inavunjika mbele ya macho yao.

*PICHA ZA KWENYE SIMU*

Sasa akija mtu akamwambia mume huyu, "Bwana, tenga siku mbili tatu utoke na familia yako," jibu lake ni, "Hayo ni mambo ya matajiri." Kwa nini anasema hivyo? Kwa sababu ya picha alizoziona. Vijana wetu wananionyesha kwenye simu familia za Wamarekani zikiwa Hawaii, huko visiwani katikati ya bahari ya Pasifiki. Hoteli ni ya ghorofa nyingi, bwawa la kuogelea liko hatua chache tu kutoka baharini, watoto wamevaa mashada ya maua shingoni. Au wananionyesha Dubai. Au hapa kwetu, Zanzibar, Nungwi na Paje, kwenye mahoteli ambayo chumba cha usiku mmoja ni mshahara wa mtu wa mwezi mzima.

Anayezitazama picha hizo anachagua moja kati ya njia mbili, na zote mbaya. Wa kwanza anakata tamaa, anasema mapumziko hayakuandikwa kwa watu kama sisi, na anakaa hivyo hadi anazeeka. Wa pili anakwenda kukopa. Anachukua ile mikopo mnayoiita kausha damu, anaipeleka familia Zanzibar siku tatu, anapiga picha mia mbili, anarudi na kuanza kukimbia simu za wanaomdai. Amenunua furaha ya siku tatu kwa fedheha ya mwaka mzima, na juu yake ameingia kwenye riba, na riba unajua Allah (S.W.) ameitangazia nini.

Uislamu umekataa njia zote mbili. Katika Suratul Furqan, aya ya 67, Allah anawasifu waja wake kwamba wakitoa hawafanyi israfu wala hawafanyi ubahili, wanakaa katikati. Na katika Suratut Talaq, aya ya 7, anamtaka kila mtu atoe kwa kadiri ya alichopewa. Hapo katikati ndipo ninapotaka tukae leo.

*MTUME (S.A.W.) NA WAKE ZAKE SAFARINI*

Mzee wangu, na wewe msomaji, tuangalie aliyekuwa na kazi nyingi kuliko dereva yeyote wa Tunduma na kuliko imamu yeyote duniani. Alikuwa kiongozi wa dola, kadhi, mwalimu, amiri wa jeshi na mpokea wahyi. Alifanya nini na familia yake?

Alipotaka kusafiri alipiga kura baina ya wake zake, na ambaye kura imemwangukia alikwenda naye. Kwa hiyo mke kusafiri na mumewe si uzungu. Ni mwendo wa Mtume.

Katika safari mojawapo aliwaambia maswahaba watangulie mbele. Walipokwisha kwenda, akashindana mbio na Bi Aisha (R.A.). Bi Aisha akamshinda. Baada ya muda mrefu, Bi Aisha akiwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, mara hii Mtume akashinda, akamtania kwamba hii inalipa ile ya siku ile. Asili ya kisa hiki ameipokea Abu Dawud. Tafakari vizuri. Kwanza aliwatanguliza watu. Alilinda sitara ya mkewe, kisha akacheza naye. Sitara haikuuondoa mchezo, na mchezo haukuiondoa sitara.

Siku ya Idi, Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao msikitini, na Bi Aisha alitaka kutazama. Mtume akasimama akimkinga kwa shuka yake, akasimama mpaka Bi Aisha mwenyewe akachoka. Imepokewa na Bukhari. Sisi leo mke akisema anataka kwenda kumtazama dada yake Vwawa tu hapa, tunamuuliza atarudi saa ngapi.

Na kuna kisa cha Salman (R.A.) alipomtembelea Abu Dardaa (R.A.), akamkuta mkewe amejiachia, hajipambi. Kumbe mume anafunga mchana na kuswali usiku kucha, hana haja na dunia. Salman akamzuia, akamkumbusha kwamba Mola ana haki yake, mwili una haki yake, na familia ina haki yake, ampe kila mwenye haki haki yake. Habari ilipofika kwa Mtume, akasema Salman amesema kweli. Zingatia kwamba Abu Dardaa alikuwa ameshughulishwa na ibada. Ikiwa aliyeshughulishwa na ibada alirudishwa kwenye haki ya familia, sembuse aliyeshughulishwa na kontena?

*SWALI LA KIJANA WA MIAKA KUMI NA NNE*

Mwaka huu tulimzika muumini wetu mmoja, dereva wa malori ya Kongo. Alifia safarini, na mwili uliletwa hapa tukauswalia. Allah amrehemu. Alikuwa mtu mwema, mwenye sadaka ya siri, na akiwa mjini hakosi jamaa.

Siku ya tatu ya msiba, mwanawe wa kiume akanifuata nikiwa natawadha. Ana miaka kumi na nne. Akaniuliza, "Shekhe, ahadi ya maiti inalipwa na nani?" Nikadhani kuna deni. Nikamwambia aniambie ni kiasi gani na anadaiwa na nani, maana deni la fedha hutolewa katika mali ya marehemu kabla ya mirathi kugawanywa. Akasema, "Si pesa, Shekhe. Baba alituahidi kutupeleka kuona bahari. Kila likizo alisema likizo ijayo."

Nilimjibu kwa elimu. Nilimwambia ahadi ya wema namna hiyo si nadhiri wala si deni linaloingia kwenye mirathi, hakuna mrithi anayedaiwa. Nikamwambia pia kwamba baba yake alinuia kheri, na Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye kunuia jema akashindwa kulitenda, Allah humwandikia jema hilo kamili. Kijana akaitikia, "Ahsante, Shekhe," akaenda kuungana na wenzake.

Fiqhi yake inaishia hapo. Lakini wewe baba unayesoma haya ukiwa kwenye foleni, ukiwa Kasumbalesa, ukiwa dukani, swali la kijana huyu lichukue ulitembeze na nafsi yako. "Likizo ijayo" ni neno rahisi sana kinywani. Nani amekuhakikishia kwamba likizo ijayo itakukuta?

*SAFARI YENYEWE*

Nyumbani kwangu kulikuwa na kibubu. Mama watoto ni mtu wa Ujiji, Kigoma. Amezaliwa akifungua mlango anaona Ziwa Tanganyika. Ameolewa Tunduma, na wenyeji mnajua habari ya maji katika mji wetu. Kwa miaka mingi mwanamke wa Tunduma amekuwa mtu wa madumu na foleni ya bomba. Miaka ishirini na saba mke wangu amehesabu maji kwa dumu. Mwaka jana aliniambia, "Baba, watoto hawa wanayajua maji ya ndoo tu. Natamani wayaone maji yasiyo na mwisho." Hakuomba dhahabu, hakuomba kitenge. Tangu Oktoba tukaanza kuweka Sh 15,000 kila wiki kutoka kwenye kiduka chetu cha kofia na kanzu. Wiki 36 zikatupa Sh 540,000. Baada ya msiba ule tuliongeza mtu mmoja. Nilimwomba mama yake yule kijana, akaturuhusu. Tukawa sita: mimi, mama watoto, mabinti wawili, mwanangu wa kiume, na yeye.

Hatukwenda Zanzibar. Tulikwenda Matema, wilaya ya Kyela, ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa. Ziwa hili ni la tatu kwa ukubwa Afrika, baada ya Victoria na Tanganyika. Kina chake kinafika kama mita 700, na wataalamu wanasema lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Na liko jirani yetu! Watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kuliona, na mtu wa Songwe anazeeka hajalitia machoni.

Tuliondoka Ijumaa baada ya swala, tukalala Mbeya kwa shemeji yangu. Jumamosi asubuhi tukashika njia ya Uyole na Tukuyu. Mabinti walibandika nyuso kwenye vioo vya basi. Walikuwa hawajawahi kuona mlima umevaa chai na migomba hivi, na ukungu wa Rungwe umekaa juu yake kama kilemba. Ukishuka kuelekea Kyela, baridi ya Tukuyu inabaki nyuma, sweta zinavuliwa, unaanza kuona mpunga na mikakao. Tukaingia barabara ya Kikusya na Ipinda, na mbele yetu safu ya milima ya Livingstone ikasimama kama ukuta, imeshuka moja kwa moja majini.

Jumamosi ni siku ya gulio la Lyulilo, karibu na Matema. Pale akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe huuza vyungu wanavyovifinyanga kwa mikono yao, vyungu vinavyosafirishwa mbali. Mama watoto akanunua kimoja, akakipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Tulipofika ufukweni akavua viatu. Hakusema kitu. Akasogea hadi maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu, akainama, akachota kwa viganja viwili, akanawa uso. Kisha akageuka akaniambia, "Alhamdulillah. Haya hayana foleni." Mabinti wakacheka, mimi nikacheka. Ndugu zangu, nimeoa miaka ishirini na saba, na cheko lile la mke wangu nilikuwa sijalisikia siku nyingi.

Kijana wetu alisimama pembeni peke yake kwa muda mrefu. Mwanangu alitaka kumfuata, nikamzuia, nikamwambia mwache. Baadaye alikuja mwenyewe, akauliza, "Shekhe, upande ule ni nchi gani?" Nikamwonyesha: huku kusini magharibi ni Malawi, na mbele zaidi huko kusini ziwa linafika Msumbiji. Akasema, "Baba Malawi alishafika." Nikamwambia basi mwombee dua hapa hapa. Akainua mikono akiwa ameelekea Kibla, na sisi tukaitikia amin.

*SITARA YA WANAWAKE NA MAJI*

Hapa ndipo mzee wangu aliposhika sana. Wake zetu na mabinti zetu, bichi, mbele ya watu?

Mzee wangu, sikiliza tulivyofanya. Matema si pwani ya makelele, na asubuhi na mapema ni kimya kabisa. Tuliswali Alfajiri, jua likaanza kuchungulia, wanawake wakaenda sehemu ya mbali na nyumba wakiwa wamevaa nguo zao pana, nzito, za kufunika mwili mzima, hata zikilowa hazioneshi. Mimi na vijana wawili tukakaa njiani, tumewapa mgongo, kama walinzi wa zamu. Hakupita mtu. Nilisikia tu vishindo vya maji na mabinti wakipiga kelele, "Mama! Kumbe mama anaogelea!" Hawakuwahi kujua. Wamemjua mama yao jikoni, wamemjua kwenye foleni ya maji, wamemjua kwenye madrasa akifundisha watoto alifu na bee. Kwamba mama yao alikuwa msichana wa ziwani, walilijua asubuhi ile.

Haramu haipo kwenye maji wala kwenye mchanga. Haramu ipo kwenye kuacha uchi wazi, kuchanganyika ovyo, ulevi, na kuacha swala. Ukiviondoa hivyo, unabaki na maji na mchanga alivyoviumba Allah. Yeye mwenyewe katika Suratu Fatir, aya ya 12, anatukumbusha bahari mbili, ya maji matamu na ya chumvi, na nyama laini na mapambo tunayoyapata humo, ili tupate kushukuru. Na katika Suratul Ankabut, aya ya 20, anatutaka tutembee katika ardhi tuone alivyoanzisha uumbaji. Mimi niliwasomesha watoto wangu aya hiyo kwa miaka mingi wakiwa wamekaa kwenye mkeka. Siku ile waliiona.

Na rangi ya msikiti? Mzee wangu, mfuko wa rangi uko kwa mweka hazina, na daftari liko wazi kwa yeyote. Hakuna hata shilingi ya msikiti iliyopanda basi. Na hao wanaonong'ona, waambie imamu wao yupo, waje wamuulize yeye.

*JIRANI ZETU WAKRISTO*

Nyumba za wageni za Matema nyingine ni za Kanisa la Kilutheri, kwa kuwa wamisionari wa Kijerumani walifika ufukwe huo tangu mwishoni mwa karne ya 19. Tulipokelewa na mama mmoja wa Kinyakyusa. Alituamkia "Ugonile," akatutazama kofia na mitandio yetu, na kabla hatujauliza akasema, "Sufuria za samaki ni za samaki tu, na nguruwe hatujapika wiki hii." Jioni akatufagilia mahali pa kuswali, akaleta jamvi safi. Mama watoto akamwambia "Ndaga fijo" aliyoifunza njiani, yule mama akamkumbatia.

Nalitaja hili makusudi. Anayekutendea wema mtendee wema, na ukiwa ugenini wewe ndiwe kitabu cha Uislamu kinachosomwa na watu. Tuliacha vyumba visafi kuliko tulivyovikuta.

*UKITAKA KWENDA, SHIKA HAYA*

1. Nia. Nuia kutimiza haki ya familia na kutafakari uumbaji wa Allah. Kwa nia hiyo nauli yako inageuka kuwa sadaka, maana unachomlisha mkeo kwa ajili ya Allah kina thawabu.

2. Fedha. Tumia kibubu, usitumie mkopo. Anza na ulichonacho, hata kama ni elfu tano kwa wiki. Nenda likizo ya shule, panda basi la kawaida. Ukifika kula cha pale pale. Sisi tulikula wali wa Kyela kwa mbasa na dagaa wa ziwani, na samaki hana maswali ya uchinjaji.

3. Swala. Ukishatoka nje ya majengo ya mji wako kwa safari ya kilomita 80 na kitu au zaidi, isiyo ya maasi, unapunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Unaweza kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Ukiswali nyuma ya imamu mkaazi, kamilisha nne. Na kwa madhehebu yetu ya Shafi, ukinuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, unakuwa mkaazi. Wafundishe watoto haya mkiwa njiani. Binti yangu mdogo aliisoma fiqhi ya msafiri darasani mara mbili, akaielewa Mbeya, kwenye rakaa mbili za Alasiri.

4. Usalama. Maji hayana mzaha. Ziwa Nyasa lina upepo, na mawimbi yanaweza kuamka mchana wakati asubuhi palikuwa shwari. Asiyejua kuogelea asivuke kiuno. Waulize wenyeji mahali pa kuoga, na kaa mbali na midomo ya mito, huko kuna mamba. Uliza pia habari ya kichocho. Kutawakali ni kumfunga ngamia kwanza.

5. Simu. Tulikubaliana simu zote zikae kwenye mkoba wa mama, zitoke baada ya Isha kwa nusu saa. Picha za wake na mabinti usizitupe mtandaoni. Umewalinda ziwani kwa watu wawili waliopita njia, kisha unawaonyesha kwa watu elfu kumi?

6. Maongezi. Usipeleke familia ziwani ukakaa peke yako. Jioni ya pili mwanangu wa kiume aliniambia jambo ambalo nyumbani hakulisema mwaka mzima. Ni siri yake, siliandiki. Lakini alilisema kwa sababu tulikuwa tumekaa mchangani, hakuna aliyekuja kubisha hodi, na mimi sikuwa na pa kukimbilia.

7. Asiye na uwezo wa Matema. Ndani ya mkoa wetu kuna kimondo cha Mbozi, kule Ndolezi, jiwe kubwa la chuma lililotoka mbinguni kwa amri ya Allah. Wapeleke asubuhi, mrudi jioni. Ukishindwa hilo, chukua chapati na chupa ya chai, nendeni shambani mkale chini ya mti. Ukishindwa hilo pia, zima simu Jumapili moja ukae na watoto wako ndani. Hilo halina nauli, na halina udhuru.

*NENO LA MWISHO*

Ndugu yangu dereva, wakala, mfanyabiashara, na wewe ustadhi mwenzangu uliyejaa darsa na mialiko. Hanzala (R.A.) alikwenda kwa Mtume akijishtaki kwamba akiwa kwake anaiona Pepo na Moto, na akirudi kwa mke na watoto anasahau mengi. Mtume hakumkaripia. Alimfundisha kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Saa ya kazi unaijua vizuri, na saa ya ibada inshaallah unaijitahidia. Saa ya mkeo na wanao imeandikwa wapi kwenye ratiba yako? Chukua kalenda leo, usingoje kesho. Weka alama kwenye likizo ya Desemba. Waambie watoto tarehe, waitaje, wakukumbushe. Ukishaisema, itimize, kwa sababu mtoto hasahau.

Ewe Mola wetu, tupe katika wake zetu na watoto wetu kitulizo cha macho. Warehemu baba zetu waliofia njiani wakitafuta halali, uwaandikie kila jema walilolinuia na umri haukuwafikisha. Walinde madereva wetu usiku na mchana. Uupe mji wetu maji, na uzipe nyumba zetu utulivu. Amin.

Mtumie ujumbe huu baba mmoja unayemjua ambaye watoto wake wanamsikia tu kwenye simu.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.